Injini Ikizima Angani

Anayeiona paramota kwa mara ya kwanza huuliza jambo moja kabla ya mengine yote: injini ikizima, mtu si ataanguka? Haanguki. Kinachombeba ni bawa la kitambaa lililo juu yake, na bawa hilo huelea hata bila injini. Injini iliyo mgongoni, yenye silinda moja na propela inayozidi mita moja, kazi yake ni kusukuma tu. Ikinyamaza, safari hugeuka kuwa mteremko wa taratibu. Hewa ikiwa imetulia, kila mita moja ya kimo humpeleka rubani mita sita au saba mbele. Aliye mita 100 juu ya ardhi ana takriban dakika moja, na zaidi ya nusu kilomita ya kuchagulia mahali pa kutua.

Lakini wengi hawanunui paramota ili wakae juu. Utamu wake ni kwenda chini na polepole. Mpiga picha Mmarekani George Steinmetz alipiga picha nyingi za Afrika akiwa chini ya bawa la namna hii, na waliokiona kitabu chake African Air cha mwaka 2008 wanajua jinsi macho yanavyofaidi kwa kupita karibu na ardhi. Mita 30 juu ya miti, ile dakika moja hubaki sekunde kumi na tano au ishirini. Kwa hiyo mimi humpima rubani kwa kitu kimoja: ukimsimamisha saa yoyote ya safari, anaweza kukuonyesha kwa kidole mahali atakapotua injini ikizima sasa hivi? Kama hawezi, amekwenda pasipofaa, hata kama injini ni mpya kutoka kiwandani.

Sekunde za kwanza zina hatari yake. Injini inaposukuma, rubani huwa ametangulia kidogo mbele ya bawa. Nguvu ikikatika ghafla, hasa wakati wa kupanda, yeye hubembea kurudi nyuma na bawa humpita likiinamisha pua. Mwenye hofu huvuta breki kwa nguvu, na hapo ndipo anapolinyima bawa mwendo linaouhitaji. Inua mikono, liache lishike kasi, kisha litulize kwa breki kidogo. Geuka uelekee upepo mapema, ungali na kimo. Starta iache. Chini ya mita 150 sioni sababu yoyote ya rubani kupapasa kamba ya kuwashia wakati ardhi inamjia. Na kama injini inakohoa, inawaka na kuzima, izime kabisa mwenyewe kwa swichi, isije ikafufuka na kukusukuma wakati miguu inagusa chini.

Kwa wanaoruka pwani, maji ndiyo adui mkubwa kuliko ardhi. Fremu na injini vinaweza kumlaza rubani kifudifudi baharini huku mikanda imemfunga na kamba za bawa zikimzunguka. Boya la kujijaza lenyewe linalofungwa kwenye fremu si pambo, ni lazima. Alfajiri, upepo unapotoka nchi kavu kuelekea baharini, hesabu ya kurudi ufukweni hubadilika: bawa linalokwenda kilomita 40 kwa saa dhidi ya upepo wa kilomita 20 litafika nusu tu ya umbali uliouzoea. Anayevuka kwenda kuangalia mwamba wa matumbawe afanye hesabu hiyo kabla hajaondoka mchangani.

Ukishatua salama, usikimbilie bisibisi. Kumbuka kwanza ilikufaje, maana namna ya kufa ndiyo nusu ya jibu. Ikizima papo hapo, kama mtu aliyebonyeza swichi, shuku umeme: kofia ya plagi imechomoka, koili imechoka kwa joto, au waya wa kuzimia umechubuka na kugusa fremu. Waya huo ukigusa chuma, injini huelewa kwamba umeamuru izime. Koili mbovu ina tabia yake: hukataa injini ikiwa ya moto, ikipoa huwaka kana kwamba hakuna lililotokea, na hivyo humdanganya mwenyewe aruke tena. Kabla ya kuzungusha propela kwa mkono kwa sababu yoyote ile, toa plagi. Viganja vingi vimeharibiwa na propela mtu akiwa amesimama chini.

Ikifa kwa kukohoa na kupoteza nguvu taratibu, tafuta njia ya mafuta. Kitundu cha pumzi cha tanki kimeziba, chujio limejaa uchafu, mpira wa mafuta umejikunja, au kuna maji kwenye petroli, jambo la kawaida kwa petroli ya kununuliwa kwenye chupa kando ya barabara. Kabureta za injini hizi nyingi hutumia utando mwembamba unaovuta mafuta kwa mapigo ya injini yenyewe. Utando huo hukakamaa kwa umri hata kama paramota imekaa stoo. Bei yake ni ndogo, nao ubadilishwe kabla haujalalamika.

Kifo cha tatu ndicho kinachonisumbua zaidi. Injini inapandisha mizunguko bila kuongezewa mafuta, inalia kwa sauti kali kuliko kawaida, kisha inakuwa nzito na kujamu. Ukivuta kamba ya starta, haisogei. Injini ya mipigo miwili haina oili yake peke yake chini ya silinda. Oili huja ndani ya petroli, mililita 100 hadi 125 kwa lita 5 kwa injini nyingi. Petroli ikipungua kwenye mchanganyiko wake na hewa, oili nayo imepungua, na ubaridi unaoletwa na petroli hiyo umepungua pia. Pistoni inatanuka, inakwaruza ukuta wa silinda, inashika.

Kwetu kuna sababu moja ya kukosa mafuta ambayo haizungumzwi vya kutosha. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni pungufu kwa takriban asilimia 15 ikilinganishwa na ya ufukweni. Fundi anayeitegesha kabureta kule huipa mafuta yanayolingana na hewa hiyo nyepesi. Pakia paramota kwenye gari, ishushe Diani bila kugusa kabureta, na sasa injini inavuta hewa nzito kwa kipimo kilekile cha mafuta. Itawaka vizuri, pengine itasikika hata ina nguvu kuliko ilivyokuwa Nairobi. Nguvu hiyo ndiyo mtego. Kila unaposhuka kutoka nyanda za juu, ongeza mafuta kwanza, kisha punguza kidogo kidogo ukiwa chini, ukitazama kipimajoto cha kichwa cha silinda.

Plagi itakuambia ulipofika. Ncha ya rangi ya kahawia ni nzuri. Nyeusi yenye unyevu wa oili ina maana mafuta yamezidi, kero lakini si maafa. Nyeupe kama chokaa, usiruke. Na kama umeongeza mafuta na bado ni nyeupe, kuna hewa inayoingia pasipopita kwenye kabureta, aghalabu kwenye gasketi ya kabureta au sili za ekseli. Ziba mdomo wa kuingizia hewa na wa kutolea moshi, jaza injini hewa kwa pampu ya mkono hadi nusu baa, si zaidi, kisha paka maji ya sabuni. Mapovu yatakuonyesha tundu, kama kwa fundi baiskeli anayetafuta pancha kwenye beseni.

Injini iliyojamu hata mara moja ifunguliwe kichwa, hata kama imepoa na inazunguka tena. Mikwaruzo iliyobaki kwenye silinda itashika ringi tena, mara nyingi kwenye mafuta kamili, yaani wakati wa kuondoka ardhini. Baada ya matengenezo iwashe chini kwa dakika kadhaa, fremu ikiwa imefungwa mahali imara na watu wote wakiwa mbali na mstari wa propela, na itoe nguvu yote. Safari mbili tatu za mwanzo zungukia juu ya uwanja uleule ulioondokea, juu ya mita 150, palipo na nafasi ya kutua kila upande.