Kodi ya sailensa Marekani ilifutwa Januari 2026: kununua mapema au kusubiri?

Kwa miaka 91, karibu kila raia wa kawaida Marekani aliyenunua sailensa ya bunduki kihalali aliilipa serikali kuu dola 200 juu ya bei ya kifaa chenyewe. Kuanzia Januari 1, 2026, kodi hiyo ilishuka hadi sifuri.

Mabadiliko hayo yamo kwenye sheria kubwa ya kodi na matumizi aliyoisaini Rais Donald Trump Julai 4, 2025. Ndiyo maana swali madukani mwaka 2025 lilikuwa moja tu: nilipe leo, au nivumilie hadi mwaka mpya?

Sailensa yenyewe ni nini?

Ni bomba linalofungwa kwenye mdomo wa bunduki ili kupunguza kishindo cha risasi. Inafanya kazi kama sailensa ya gari, na si kwa bahati. Hiram Percy Maxim, Mmarekani aliyepata hataza yake mwaka 1909, alitumia wazo hilo hilo kutuliza kelele za injini. (Baba yake ndiye aliyeunda bunduki ya Maxim, ile ambayo Wajerumani waliwafyatulia wapiganaji wa Maji Maji.)

Usidanganywe na sinema. Mlio haupotei. Unapungua kwa takriban desibeli 20 hadi 35, na bunduki nyingi bado zinasikika vizuri tu. Wawindaji na walenga shabaha wanaitumia zaidi kulinda masikio.

Kwa nini dola 200?

Mwaka 1934, baada ya miaka ya magenge ya pombe haramu, Bunge la Marekani halikupiga marufuku silaha kama bunduki za rashasha na sailensa. Liliziwekea kodi kali. Dola 200 za wakati ule ni zaidi ya dola 4,500 za leo, yaani kodi ilikuwa kubwa kuliko bei ya kifaa. Kiwango hakijawahi kupandishwa, na mfumuko wa bei ukakigeuza kuwa usumbufu tu.

Baraza la Wawakilishi lilitaka kuiondoa sailensa kabisa kwenye sheria hiyo. Kwenye Seneti ikakwama, kwa sababu muswada ulipitishwa kwa njia maalum inayohusu mambo ya bajeti tu. Kilichobaki ni kufuta kodi.

Hapo ndipo wengi wanapochanganya mambo. Kodi iliondoka, usajili haukuondoka. Bado utajaza fomu ile ile ya ATF, idara inayosimamia silaha, utatoa alama za vidole na picha, utachunguzwa rekodi zako, na sailensa itabaki dukani hadi kibali kitoke.

Tupige hesabu

Chukua sailensa ndogo ya bunduki ya .22, bei dola 300. Kuinunua mwaka 2025 kulikugharimu 500. Kodi peke yake ilikuwa theluthi mbili ya bei ya kifaa! Kwa mnunuzi huyu kusubiri kulikuwa na maana, labda awe alikuwa na haraka kweli.

Sasa chukua ya dola 1,000. Kodi ilikuwa asilimia 20 ya bei. Duka lilipokupa punguzo la asilimia 20 mwisho wa mwaka 2025, ulikuwa umeshafika pale pale ambapo Januari ingekufikisha. Na maduka kadhaa na watengenezaji walikuwa wakitoa ofa za kumlipia mteja hiyo dola 200, maana walijua watu walikaa mkao wa kusubiri. Aliyepata ofa ya kweli ya aina hiyo hakuwa na sababu ya kungoja. Ila linganisha kwanza na bei ya maduka mengine, kuna wanaopandisha bei halafu wanakuita kwenye ofa.

Kitu cha pili ni foleni. Miaka michache iliyopita kibali kilichukua miezi minane hadi mwaka. Mwaka 2025 maombi mengi ya mtandaoni yalitoka ndani ya siku au wiki chache. Ilitarajiwa kwamba kila aliyesubiri akiomba Januari 2026 kwa mpigo, foleni ingerefuka, na madukani bidhaa zinazopendwa zingeweza kuadimika au kupanda bei. Kwa aliyetaka kuwindia msimu ule, dola 200 ndiyo iliyokuwa bei ya kutokusubiri. Anayepiga shabaha mara moja kwa mwezi, hasara yake ya kungoja hadi Machi ilikuwa ipi?

Kabla ya bei, angalia kama unaruhusiwa

Kwa ndugu zetu waliohamia huko, hili ni zito kuliko kodi. Majimbo manane yanakataza raia kumiliki sailensa: California, Delaware, Hawaii, Illinois, Massachusetts, New Jersey, New York na Rhode Island. Kodi sifuri haibadilishi chochote huko. Texas, Ohio na Minnesota zinaruhusu.

Mwenye green card anaweza kuomba kama raia. Aliyeko kwa viza ya muda, ya masomo au kazi, kwa kawaida haruhusiwi hata kushika bunduki, isipokuwa kwa masharti machache. Ongea na mwanasheria kabla ya kutoa hata senti, kwa sababu kosa la silaha linaweza kukufukuzisha nchini.

Halafu kuna vile "vichujio vya mafuta" vya bei chee mtandaoni ambavyo kiukweli ni sailensa zisizosajiliwa. Kumiliki kimoja ni kosa la hadi miaka 10 jela, hata baada ya kodi kufutwa.

Nimeshalipa, narudishiwa?

Ombi likishaidhinishwa, hapana. Sheria mpya haigusi kodi ya nyuma. Likikataliwa, dola 200 zinarudishwa. Na wale wa bunduki za rashasha wasifurahi bure: yao inabaki dola 200 ile ile ya mwaka 1934.