Je, Wajua? Mbio za Magari ya Zamani Zilifika Hadi Watamu

Je, wajua kuwa Februari 2022 magari ya zamani yaliondoka Naivasha, yakapambana na barabara za vumbi kwa siku 9, kisha yakamalizia mbio Watamu, huku kwetu Pwani? Hayo yalikuwa mashindano ya East African Safari Classic.

• Mashindano haya yalianza 2003, miaka 50 baada ya Safari Rally ya kwanza. Ile ya 1953 iliandaliwa kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II wa Uingereza.

• Kwa miaka mingi Safari Rally iliendeshwa wakati wa Pasaka, masika yakibisha hodi. Tope halikuwa na huruma: mwaka 1963 yaliondoka magari 84, yakafika 7 tu. Mwaka 1968, yaliyofika yakawa 7 tena! Lakini Februari, kaskazi ingali ikivuma, adui mkubwa ni vumbi na joto.

• Björn Waldegård wa Uswidi alishinda Safari Rally mara 4: 1977, 1984, 1986 na 1990. Akarudi kushinda Safari Classic mwaka 2007 na 2011, mwelekezi wake akiwa mwanawe wa kumzaa, Mathias.

• Mkenya Ian Duncan naye alitwaa Safari Rally 1994, kisha Safari Classic 2009 na 2013.

Vya kale ni dhahabu: gari likitunzwa vyema na fundi mwenye subira, umri haulizuii kushinda.