Bahari Isiyo na Magharibi

Kila mtoto aliyepita chuoni anaijua Sura ya Quraysh, na anajua kwamba mmetajwa humo safari mbili, ya majira ya baridi na ya majira ya joto. Sisi tulioisoma kwa kuogopa bakora hatukudhani kwamba iko siku tutakaa barazani, watu wazima wenye mvi, tukigombana ni ipi kati ya mbili hizo tuishike. Ugomvi ni baina yangu na binamu yangu, na safari inayogombaniwa ni ya meli katika pwani ya Norwe, kutoka Bergen hadi Kirkenes na kurudi.

Asili ya jambo hili ni marehemu mjomba wangu, babake huyo binamu. Alikuwa baharia wa meli za kigeni, na mwaka wa 1979 meli yao ilikwenda Narvik kupakia mawe ya chuma. Aliporudi Mombasa alituhadithia kwamba ameliona jua saa sita za usiku, liko juu ya milima, halitui. Wazee wa baraza walimsikiliza mpaka mwisho, kisha mmoja akamwuliza: "Na Isha ukaisali saa ngapi?" Mjomba akakosa jawabu, baraza ikacheka. Tangu siku hiyo akaitwa Jua-la-Usiku, na lakabu hiyo ikamfuata hadi kaburini. Mimi nilikuwa mtoto, nami nilicheka pamoja nao.

Sasa mwanawe amestaafu kazi ya gatini, ana akiba yake kidogo, na ameazimia kwenda kuliona jua hilo. Nami namfuata.

Meli tuliyoichagua si katika yale makasri yaeleayo yenye mabwawa ya kuogelea. Ni meli ya kazi. Mwaka wa 1893 nahodha Richard With aliing'oa nanga meli yake Vesteraalen huko Trondheim akaelekea Hammerfest, na tangu hapo safari ikawa ya kila juma. Wenziwe waliona ni wazimu, kwani minara ya taa ilikuwa michache na ramani za bahari haba. Lakini yeye na rubani wake walikuwa wameandika kwa miaka mingi mwelekeo wa dira na muda wa kila kipande cha njia, wakaweza kupita gizani kwa dira na saa. Manahodha wetu wa majahazi wangemwelewa mtu huyu bila ya mkalimani.

Njia hiyo ingaliko. Tangu 2021 imegawanywa baina ya kampuni mbili, Hurtigruten yenye meli saba na Havila yenye nne. Meli hutia katika bandari 34, nyingine kwa robo saa tu, zikishusha shehena na kupakia watu, na mwenyeji aendaye bandari ya pili hupanda bila ya chumba, kama sisi tunavyopanda matatu. Kwenda na kurudi ni siku 12. Bandari uliyoipita usiku ukienda, aghalabu utaiona mchana ukirudi; kwa hiyo anayekata tikiti ya upande mmoja huona nusu ya pwani.

Tukaja kwenye majira, na hapo ndipo sauti zilipopanda. Mimi, kwa kuwa mshairi, nilitaka majira ya baridi. Baina ya mwisho wa Septemba na mwisho wa Machi, mbingu za kaskazini zikiwa safi, huonekana mianga ya kijani, pengine na wekundu, ikicheza juu kama pazia lenye kupigwa na upepo. Tena nauli za majira hayo hushuka. Huko Tromsø jua halichomozi kabisa tangu mwisho wa Novemba hadi katikati ya Januari, ingawa adhuhuri huwa na mwanga wa buluu kwa saa chache. Nilimweleza binamu haya yote kwa ufasaha niliojaliwa.

Akaniambia, "Bwana wee, mimi sifuati mapazia. Nafuata neno la baba."

Sikuwa na la kumjibu. Basi tumeshika majira ya joto, katikati ya Juni. Tromsø jua halitui tangu yapata tarehe 20 Mei hadi 22 Julai; na huko Nordkapp, kwenye jabali la mita 307 liikabililo bahari tupu, siku hizo ni nyingi zaidi. Faida nyingine ni kwamba meli huweza kuingia Geirangerfjord, hori nyembamba yenye kuta za milima na maporomoko ya maji yaliyojaa theluji iliyoyeyuka. Karibu na visiwa vya Lofoten huingia Trollfjord, ambayo mlango wake ni wa mita mia moja hivi. Meli iendayo kaskazini hufika hapo usiku wa manane, na ni katika miezi hii tu mtu anaweza kuona kitu.

Hasara niliyoipata ni samaki. Lofoten huanika samaki wao, torsk, kwenye machanja ya miti tangu Februari hadi Mei, bila ya chumvi, kwa upepo na baridi tu; sisi tuliokulia ng'onda na papa tungependa kuona. Wengi huuzwa Italia, na vichwa hupelekwa Nigeria kutiwa katika mchuzi. Juni huenda tukakuta miti mitupu.

Juu ya chumba nilishinda mimi. Binamu alitaka chenye dirisha. Nikamwonyesha kwamba uzuri uko sitahani, si chumbani, na kwamba mahali ambapo jua halilali, chumba cha ndani kisicho na dirisha ndicho pekee mtu atakapopata usingizi. Tena ni rahisi.

Msomaji asidhani kwamba bahari hiyo ni shwari tupu. Sehemu kubwa ya njia imekingwa na visiwa, lakini pako mahali pa wazi: Stad, Hustadvika, na Vestfjorden kabla ya Lofoten. Mwezi wa Machi 2019 meli ya watalii Viking Sky ilizimikiwa na mitambo Hustadvika katika dhoruba, na helikopta zikawaokoa watu zaidi ya 400 mmoja mmoja. Habari hiyo nayo ilinisaidia kuusahau msimu wa baridi.

Hata hivyo Juni ya kule si Juni ya Mombasa. Mwezi wa Julai Tromsø huwa na wastani wa nyuzi 12 hivi, na Bergen mvua hunyesha zaidi ya siku 200 kwa mwaka. Pamba ikilowa huganda mwilini. Inatakiwa sufu ndani na koti lisilopitisha maji nje. Tumekwenda Kongowea, kwenye mitumba, tukapata makoti mazito kwa bei ya kutupa. Yametoka Ulaya, nasi tunayarudisha.

Likabaki swali la baraza. Nimeuliza, na jawabu lake ni la zamani kuliko baraza yetu. Mtume aliwaambia masahaba habari ya siku za Dajjal, siku moja iliyo kama mwaka, nao wakauliza habari ya sala. Akawajibu wakadirie nyakati zake. Juu ya hilo wanazuoni wamejenga rai zao, na Waislamu wengi wa Tromsø hufuata saa za Makka. Mjomba angeambiwa hayo, angewajibu.

Sasa tuko kwenye viza. Norwe haimo katika Umoja wa Ulaya, lakini imo katika mapatano ya Schengen. Maombi hupokewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na hutakiwa bima isiyopungua yuro 30,000. Jana tulijaza fomu. Tulipofika palipoulizwa sababu ya safari, binamu alitaka kuandika habari yote ya babake. Nikamwonyesha kwamba nafasi ni ndogo. Ameandika "utalii".