Sataranji kwa Macho ya Moyo

Imepokewa kwamba Said bin Jubair (Mwenyezi Mungu amrehemu), tabiina wa Kufa na mwanafunzi wa Ibn Abbas (r.a.), alikuwa akicheza sataranji hali ameupa ubao mgongo. Akiuliza mwenzake amesogeza kete gani, hutajiwa. Naye hutamka jibu lake bila ya kugeuka.

Karne nyingi baadaye, bingwa Miguel Najdorf alikuwa mashindanoni Argentina vita vikuu vilipozuka mwaka 1939. Aila yake ilibaki Poland. Mwaka 1943, mjini Rosario, alikabiliana na wachezaji 40 kwa pamoja pasina kuona ubao hata mmoja. Alitumai habari hiyo ingeenea magazetini, ili jamaa zake wajue kuwa yu hai. Hakuna aliyeitika, kwani walikuwa wameuawa. Mwaka 1947, São Paulo, alicheza michezo 45 kwa namna hiyo hiyo.

Je, watu hawa wana macho ya ajabu? Mwaka 1973, wataalamu wa Marekani, Chase na Simon, waliwaonyesha wachezaji ubao kwa sekunde 5. Kete zilipopangwa kama katika mchezo wa kweli, bingwa alikumbuka nyingi mno kuliko mwanagenzi. Zilipotawanywa ovyo, ubora wake ulitoweka. Bingwa hashiki picha, hushika maana: hapa mfalme amekingwa, pale farasi anatishia.

Kwa hiyo mafunzo huanza na machache. Ubao una miraba 64, safu zake zikiitwa a hadi h, na mistari 1 hadi 8. Mwanafunzi hufumba macho na kuulizwa rangi: a1 ni nyeusi, a2 ni nyeupe. Kisha humpeleka farasi peke yake kutoka a1 hadi h8, safari ya hatua 6. Mchezo kamili huja mwisho.

Mzazi wa mtoto wa madrasa ataitambua njia hii. Aya hushikwa kidogo kidogo, kwa mfuatano, kwa kufahamiwa na kudurusiwa. Mtoto anayesahau aghalabu si mvivu wala si mzito wa akili. Huenda amebebeshwa maneno ambayo kwake ni kete zilizotawanyika.

Ama sataranji yenyewe, maulamaa wamehitilafiana. Wapo walioiharamisha; katika madhehebu ya Shafii kauli mashuhuri ni kuwa ni makuruhu, nayo huwa haramu ikiingia kamari au ikimpitishia mtu Swala. Basi anayejiepusha nayo hakupungukiwa na kitu, kwani njia hii ya kuhifadhi haihitaji ubao.

Usiku huu, baada ya Magharibi, mwambie mwanao aanzie katikati ya sura aliyoihifadhi, si mwanzoni. Akikwama, usimkemee. Muulize aya iliyotangulia inasema nini, kisha mngojee.