Buluu ya spirulina: kilo zaongezeka, rangi yapungua

Mwekezaji mdogo anayefikiria kutia fedha zake katika mabwawa ya spirulina hana budi kujua kwanza anauza nini. Akiuza unga wa chakula, anapimiwa kilo. Akiuza kwa watengenezaji wa rangi za vyakula, anapimiwa buluu iliyomo ndani ya kilo hiyo, na hapo hesabu huweza kumgeuka.

Buluu hiyo huitwa fikosianini. Soko lake lilipanuka mwaka 2013, idara ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, iliporuhusu dondoo la spirulina litumike kutia rangi peremende na chingamu, kufuatia maombi ya kampuni ya Mars. Mei 2025 idara hiyo iliruhusu pia buluu ya mwani mwingine, Galdieria, kwa hiyo mwenye spirulina sasa ana mshindani.

Spirulina si mgeni Afrika Mashariki. Ziwa Bogoria, lenye maji ya magadi, huwa kijani kwa ajili yake, na heroe humiminika humo kula. (Wekundu wa manyoya yao nao hutokana na rangi nyingine ya chakula hichohicho.) Kiumbe huyu ni sainobakteria, na tofauti na baadhi ya jamaa zake, hawezi kujichukulia naitrojeni hewani. Lazima alishwe.

Ugumu wa biashara uko hapo. Fikosianini ni protini, na protini ni naitrojeni. Naitrojeni ikipungua bwawani, kiumbe huanza kuvunja buluu yake mwenyewe apate naitrojeni ya kuishi, kama mfanyabiashara anayekula mtaji. Maji hubadilika kutoka kijani cha buluu kuwa kijani cha manjano. Klorofili huondoka polepole zaidi. Wakati huohuo mwanga wa jua unaendelea kufanya kazi, na kwa kuwa protini haziwezi kutengenezwa, mavuno ya mwanga hugeuzwa kuwa wanga. Kwa hiyo mizani yaweza kuonyesha uzito unapanda siku ambazo bidhaa yenyewe inayeyuka. Mwenye bwawa akitazama kilo tu, atashangilia hasara.

Wataalamu wamejua jinsi uvunjaji huo unavyoanzishwa. Mwaka 1994 Collier na Grossman walieleza protini ndogo iitwayo NblA, ambayo hutengenezwa wakati wa njaa na bila yake buluu haivunjwi. Ndiyo maana dawa ya kloramfenikoli, inayozuia utengenezaji wa protini, huzuia pia kupauka huko, ingawa si dawa ya kutia katika chakula cha mtu. Kemikali nyingine hufanya kinyume. Gabakulini hukata njia ya kutengeneza klorofili na buluu kwa pamoja, tangu mwanzo kabisa. Diuroni, dawa ya kuulia magugu, huziba mtambo wa mwanga wenyewe. Gabakulini haitoki maabara, lakini diuroni hutumika katika miwa na pamba. Anayechimba bwawa chini ya shamba la namna hiyo aulize kwanza maji ya mvua yanapita wapi.

Tuje kwenye gharama. Kilo moja ya unga mkavu wenye protini asilimia 60 ina naitrojeni karibu gramu 100. Kuirudisha bwawani kunahitaji takriban gramu 600 za naitreti ya sodiamu kwa kila kilo iliyovunwa. Urea yatosha gramu 210 hivi, nayo huvutia macho ya mwenye kubana matumizi. Ila katika maji makali ya magadi urea ikizidi hutoa amonia, na amonia huua. Iwekwe kidogo kidogo. Kuanzisha bwawa la lita 100,000 kwa kipimo cha maabara kiitwacho Zarrouk huhitaji naitreti kilo 250, mbali na magadi-bikabonati kilo 1,680.

Habari njema ni kwamba upungufu ukigunduliwa mapema, naitreti ikirudishwa, rangi nayo hurudi katika siku chache.

Mnunuzi naye asitegemee jicho. Sampuli hupimwa kwa mwanga wa nanomita 620 na 280. Namba ya kwanza ikigawanywa kwa ya pili, 0.7 huhesabiwa kuwa daraja la chakula, na 3.9 daraja la maabara. Muuzaji asiyetaka kutoa namba hizo kabla ya malipo, aombewe punguzo la unga wa kawaida.