Upepo Unaoombwa Usivume

Neno vuli lina utata wake. Kwetu ni mvua fupi za mwisho wa mwaka na harufu ya udongo uliokuwa mkavu. Kamusi zikilitumia neno hilohilo kwa majira ya nchi za kaskazini, pale majani yanapogeuka rangi na kupukutika, msomaji wa Tanga au Kisumu hupata picha isiyo yake. Nchini Japani mwanzo wa majira hayo ulikuwa na alama iliyowatia watu hofu, nayo haikuwa mvua wala jani. Ilikuwa hesabu ya siku.

Mkulima wa zamani alianza kuhesabu kutoka risshun, siku ya kwanza ya majira ya kuchipua katika kalenda ya jua, inayoangukia Februari 4 hivi. Alihesabu akimwaga mbegu, akipandikiza miche ya mpunga, akipalilia. Siku ya 210 ilipotimia, yaani Septemba 1 au karibu na hapo, aliitazama anga kwa wasiwasi. Huo ndio msimu wa tufani kutoka Bahari ya Pasifiki, na ndio wakati ambapo mbegu zinazochelewa kukomaa zilikuwa zikitoa maua. Usiku mmoja wa upepo uliweza kufuta kazi ya miezi. Watu wa mwambao wetu hawahitaji kuelezwa sana jambo hili: wazee wao waliugawa mwaka wa Nairuzi kwa miongo, siku kumi kumi, na nahodha alijua mwongo upi ni wa kusi na upi ni wa kusubiri. Makunduchi, kule Unguja, mwaka huo bado unaogwa kila Julai.

Mahali ambapo hesabu ya siku 210 imegeuka kuwa ngoma ni Yatsuo, mji wa mteremkoni katika mkoa wa Toyama, upande wa nchi unaotazama Bahari ya Japani. Zamani ulitajirika kwa hariri na karatasi za kutengenezwa kwa mkono. Tangu 2005 ni sehemu ya jiji la Toyama. Kila mwaka, Septemba 1 hadi 3, mitaa 11 ya hapo hutoka kucheza Owara Kaze no Bon. Kaze maana yake ni upepo. Masimulizi ya wenyeji huianzisha ngoma hii mwaka 1702, na baadaye ikafungamana na dua za kuutuliza upepo wa siku ile. Mimi nashikilia kwamba ngoma hii haieleweki vizuri mpaka mtu apande pia milima inayouzunguka mkoa, kwa sababu upepo unaoombewa unapikwa huko.

Kwanza tuitazame ngoma yenyewe. Ni ya polepole, karibu ya kimya. Wachezaji huteremka mtaani kwa safu kati ya nyumba za mbao, taa za karatasi zikiwaka pembeni, na katika mifereji ya kando ya njia maji yanasikika yakienda mbio. Kila mmoja amevaa kofia pana ya nyasi iliyokunjwa na kushushwa hadi puani, hata uso usionekane ila kidevu. Mkono wa mwanamke huinuka, vidole vimeshikana, hukaa hewani kitambo kana kwamba unangoja ruhusa, kisha hushuka. Wanaume hukata miondoko kwa ghafla na kuganda. Ngoma yao hufananishwa na kakashi, sanamu ya kuwatisha ndege shambani. Sehemu kubwa ya miondoko hii ilitungwa upya na mtunzi wa ngoma Wakayagi Kichizo mwishoni mwa miaka ya 1920, wala hilo haliipunguzii thamani machoni pangu. Ngoma hai hupokea mkono wa mtu. Kwa desturi wanaocheza mtaani ni vijana wasiooa wala kuolewa, hadi umri wa miaka 25 hivi. Baada ya hapo mtu hushika shamisen, chombo cha nyuzi kilichowambwa ngozi, huimba, au huwafundisha wadogo.

Chombo kinacholiza watu katika Owara ni kokyu. Ni kama zeze: sanduku dogo lililowambwa ngozi, shingo ndefu, nyuzi za kupigwa kwa upinde. Mpigaji hukisimamisha chombo, na anapotaka uzi mwingine hahamishi upinde, bali hukizungusha chombo chenyewe kuuelekea upinde. Sauti inayotoka ni nyembamba, yenye mtetemo wa mtu anayejizuia kulia. Hermann von Helmholtz, mwanafizikia Mjerumani wa karne ya 19, ndiye aliyeonyesha kinachotokea pale upinde unapogusa uzi. Nywele za farasi zilizopakwa ulimbo huunasa uzi na kuuvuta kidogo. Uzi ukizidiwa huponyoka na kurudi, kisha hunaswa tena. Kunaswa na kuponyoka huko hurudiwa mamia ya mara kwa sekunde, kwa mpigo usiobadilika, na mpigo huo ndio noti tunayoisikia. Fidla ya taarabu hufuata kanuni hiyohiyo, na zeze la Wagogo pia.

Mvua ikidondoka, hata rasharasha, Owara husimama. Wageni waliosafiri mbali hunung'unika, lakini mpiga ngoma yeyote wa kwetu aliyewahi kuota ngoma yake motoni kabla ya mchezo atawaelewa watu wa Yatsuo mara moja. Ngozi hunyonya unyevu, hulegea, na ngozi iliyolegea hutetema polepole na kwa uvivu. Shamisen na kokyu zikilowa hupoteza sauti, na ngozi iliyolowa inaweza kupasuka inapokauka.

Sasa upepo. Tufani inapopita karibu na Japani au kuingia Bahari ya Japani, hewa ya joto yenye unyevu husukumwa kutoka kusini. Kabla ya kufika Toyama lazima ivuke milima. Hewa ikipanda hupungukiwa na shinikizo, hutanuka, na kutanuka huigharimu joto: nyuzi 1 hivi za Selsiasi kwa kila mita 100. Mvuke ukianza kugeuka matone ya wingu, joto lililokuwa limefichwa ndani yake hurudishwa hewani, na upoaji hupungua hadi nusu nyuzi hivi kwa mita 100. Mvua inamwagika upande ule wa mlima. Hewa iliyobaki, ikiwa kavu, huporomoka upande wa Toyama na kupata nyuzi 1 kamili kwa kila mita 100.

Tufanye hesabu. Chukua hewa ya nyuzi 25 ipande mita 2,500, mawingu yakianza kwenye mita 500. Hupoteza nyuzi 5, kisha 10; kileleni ina nyuzi 10. Ikishuka mita zilezile 2,500 huongezewa 25, na inatua bondeni ikiwa na nyuzi 35, na imekauka. Safari haikuiongezea moto wowote kutoka nje. Tofauti yote imetoka kwenye mvua iliyoachwa nyuma. Maumbile hayafuati hesabu safi kiasi hicho, na mara nyingine hewa ya juu huteremka bila mvua yoyote upande wa pili, lakini matokeo hufanana. Wanasayansi huuita upepo huu foeni, kwa jina lililotoka milima ya Alps. Ukivuma usiku juu ya mpunga ulioanza tu kutoa mashuke, mashuke hupoteza maji haraka kuliko mizizi inavyoweza kuyarudisha, nayo hukauka yakawa meupe, matupu.

Kwa hiyo wakulima wa Toyama hawakuwa wakiogopa kivuli. Walijenga hata vihekalu vya mungu wa upepo vinavyoitwa Fukando, jina lenye maana ya kutovuma, na Yatsuo inacho chake.

Milima inayotajwa zaidi hapa ni Tateyama, mojawapo ya milima mitatu mitakatifu ya Japani pamoja na Fuji na Haku. Tangu 1971 njia ya treni za kamba na mabasi huwapandisha watu kutoka kituo kilicho mita 475 hadi uwanda wa Murodo, mita 2,450. Ni urahisi wenye gharama yake: mwili uliopandishwa haraka hivyo unakuta hewa yenye shinikizo la robo tatu tu ya lile la pwani, na kichwa huweza kugonga. Kaa saa moja, kunywa chai, ndipo uanze kutembea. Kutoka hapo hadi tuta la Ichinokoshi ni saa moja hivi, na saa nyingine ya mawe makali hadi Oyama, mita 3,003, penye hekalu dogo juu ya mwamba. Waliopanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu wataona kwamba urefu huo unazidi kidogo tu kituo cha Mandara.

Mwanzo wa Septemba, bonde likiwa bado linatoka jasho, Murodo imekwisha kugeuka. Hewa hupoa nyuzi 0.6 hivi kwa kila mita 100 za kupanda, kwa hiyo tofauti na pwani ni karibu nyuzi 15. Piga magoti kando ya njia uitafute chinguruma. Ni mti, ingawa haufiki kifundo cha mguu. Una shina gumu lenye pete za miaka kama mti mwingine wowote. Maua yake meupe ya kiangazi yamekwisha. Mahali pake pamebaki vishungi vya nyuzi laini zilizojisokota kama nywele za mtoto mchanga, kila uzi ukiwa na mbegu moja mkiani, vyote vimeinamia upande mmoja vikimeta juani. Jina lake hufasiriwa kuwa kititia, kile kinachozunguka kwa upepo mikononi mwa watoto. Nyuzi zile ni tanga. Mmea huu unangoja upepo uleule ambao watu wa bondeni wanauomba utulie.

Wiki mbili tatu baadaye majani yake yatakuwa mekundu, na uwanda mzima pamoja nayo. Jani hufanya kazi mbili tofauti. Linapojiandaa kuanguka hubomoa klorofili na kurudisha naitrojeni ya jani shinani, akiba ya mwakani; rangi ya manjano ya karotenoidi, iliyokuwamo siku zote, ndipo huonekana. Wekundu ni habari nyingine. Anthosianini hutengenezwa upya, kwa sukari iliyonaswa ndani ya jani, mchana ukiwa na jua kali na usiku ukiwa na baridi isiyofikia kugandisha. Kwa nini jani linalokufa ligharimie rangi mpya? Maelezo yenye nguvu ni kwamba rangi hiyo hulikinga jani na mwanga uliozidi wakati linapomaliza kuhamisha akiba. Kutoka Murodo wekundu huteremka mlima, hadi Novemba unapofika mabondeni, na mpunga umekwisha kuingia ghalani.

Raicho, ndege wa jamii ya kwale aishiye kati ya misonobari itambaayo, naye anabadili vazi wakati huu. Hubadili manyoya mara tatu kwa mwaka, na ya mwanzo wa vuli yana rangi ya jiwe. Anaweza kuwa hatua tano mbele yako usimwone mpaka jiwe litembee.

Kuna jambo ambalo sitaki mtu apande bila kulijua. Oktoba 8, 1989, watu 10 walipanda Tateyama, theluji na upepo vikawakuta juu, na 8 walikufa kwa baridi. Mwili huvaa tabaka jembamba la hewa uliyoipasha wenyewe. Upepo hulivua tabaka hilo kila dakika. Nguo ikilowa ni balaa, maana maji hupitisha joto takriban mara 25 kuliko hewa. Beba koti la mvua hata asubuhi ikiwa kavu, acha pamba, na ukiona upepo unabadilika, geuka.

Anayetaka vyote viwili, mlima na ngoma, katika safari moja aanze na mlima, siku za mwisho za Agosti. Jioni, kuanzia tarehe 20 hadi 30, mitaa ya Yatsuo huwa na ngoma za utangulizi, mtaa mmoja kwa usiku, na watu si wengi. Akiweza, abaki mpaka mwisho. Asubuhi ya Septemba 4, usiku wa mwisho ukiwa umekwisha, wachezaji wa mtaa wa Fukushima huenda kwenye stesheni ya Etchu-Yatsuo. Husimama kwenye jukwaa la abiria, kofia zimeshushwa, kokyu ikilia, na huwachezea wageni mpaka treni inapoondoka.