Je, Wajua? Kichwa Kinachouma Hupimwa kwa Mara za Kulazwa Kitandani

Je, wajua kwamba ubongo wenyewe hausikii maumivu? Yanayouma ni matando yanayoufunika, mishipa ya damu na misuli ya kichwa na shingo. Askari aliyetikiswa na bomu huweza kuumwa kichwa miaka nenda miaka rudi, na picha ya hospitali ikatoka safi kabisa.

Burundi ilipeleka wanajeshi Somalia kulinda amani kuanzia Desemba 2007. Tarehe 3 Mei 2022 wapiganaji wa Al-Shabaab walivamia kambi yao ya El Baraf na kuua wengi. Aliyerudi Gitega au Muyinga bila mguu, kilema chake kila mtu anakiona. Mwenye kichwa kisichotulia ataonyesha nini?

Uainishaji wa kimataifa wa madaktari unasema maumivu yanahesabiwa kuwa ya jeraha yakianza ndani ya siku 7 tangu kuumia au kupata fahamu. Yakipita miezi 3, ni sugu. Siku 7! Vitani nani anaandika tarehe? Mwanajeshi anayejikaza na kusema "si kitu" anaupoteza ushahidi wake mwenyewe.

Umoja wa Mataifa uliweka mwaka 1997 fidia ya dola 50,000 kwa mlinda amani wake aliyefariki, kiasi kilichopandishwa baadaye. Kilema hulipwa kwa asilimia ya fungu hilo.

Ushahidi wa mwili una visa vyake. Gitega ilikuwa kituo cha Wajerumani tangu 1912, Burundi ilipokuwa sehemu ya koloni lao la Afrika Mashariki. Mwaka 1964 Ujerumani Magharibi iliamua kuwalipa askari wa zamani wa koloni hilo malimbikizo ya mshahara. Inasimuliwa kwamba huko Mwanza wazee wasio na hati walipewa fagio, wakaamriwa kwa Kijerumani wafanye gwaride la bunduki. Hakuna aliyeshindwa. Kwa kipandauso, yale maumivu makali ya kichwa yanayokuja kwa mashambulio, fagio lisingefaa kitu.

Marekani wao, kwa wanajeshi wao wa zamani, wanahesabu mashambulio. Shambulio linalomlaza mtu kitandani mara moja kila miezi 2 ni asilimia 10 ya ulemavu. Kila mwezi, 30. Likija mara kwa mara sana, likadumu na kumharibia kazi, ni 50, na hapo ndipo kikomo cha kipandauso. Ipo hata asilimia 0: haina malipo ya mwezi, ila inakubali kwamba chanzo ni jeshi, na maumivu yakizidi mtu huomba kupandishwa daraja bila kuthibitisha chanzo upya.